Riadha ya Wasiotaraji Nishani

Nchi iliyojaaliwa wakimbiaji mashuhuri kuliko karibu nchi zote za dunia, ambayo jina lake likitajwa mbele ya mtu wa Boston au wa Tokyo humjia akilini kwanza mkimbiaji mwembamba aliyewatangulia wenziwe, ingetazamiwa kuwa nchi ya watu wanaokimbia. Walakini mambo yetu sisi Wakenya yamekwenda kinyume cha matarajio hayo, kwani fahari ya mabingwa wetu imekuwa kubwa hata imeifunika riadha yenyewe, na mtu wa kawaida, hasa mtu wa pwani, na hasa aliyefika umri wa makamo, amesadiki kwamba kukimbia ni kazi ya waliozaliwa Iten na Kapsabet, kazi yenye donge na nishani, na kwamba fungu lake yeye ni kuketi mbele ya televisheni na kupiga makofi. Rai yangu ni kwamba itikadi hiyo ni dhuluma, na kwamba aliyedhulumu na aliyedhulumiwa ni mtu yule yule.

Nayasema haya baada ya msimu mzima wa kukimbia njia za vichakani pamoja na kikundi kidogo cha watu wa rika langu, watu wasio na kocha wala jezi ya sare: mwalimu mstaafu, fundi cherehani, mwenye duka la vipuri, mama wawili wauzao vyakula, na karani mmoja wa bandarini ambaye tumbo lake hufika kabla yake. Hakuna kati yetu aliyewahi kukimbia tangu siku za shule, na hakuna aliyetaraji, wala anayetaraji sasa, kupata chochote cha kutundika ukutani.

Mwembe Tayari, mtaa wa Mombasa ninaokaa, si mtaa wa watu wasiojua safari. Wazee husimulia kuwa hapa, chini ya mwembe, ndipo misafara iendayo bara ilipokuwa ikikusanyika, wapagazi wakigawiwa mizigo na kungoja amri ya kuondoka. Na katika barabara iitwayo leo Jomo Kenyatta zimesimama hadi sasa sanamu za shaba zilizowekwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuwakumbuka Waafrika waliopigana vita vile na waliobeba mizigo yake, ambao wengi wao hawakurejea. Ofisi za mabasi nazo zimepangana hapo hapo, na usiku kucha husikika wito wa Nairobi, wa Malindi, wa Lamu na wa Dar es Salaam. Pamoja na hayo yote, mtu mzima wa mtaa huu akionekana alfajiri amevaa viatu vya mpira na kaptura ipitayo magoti, anakwenda mbio hali hakuna basi linalomwacha, barazani huzuka taharuki. Siku za mwanzo za msimu muuza kahawa aliniuliza, naye kaisimamisha dele hewani:

"Ami, kwema? Nani amefariki?"

Nilipomjibu kuwa hakuna aliyefariki, nami nakwenda Bamburi kukimbia, alitaka kujua ninamkimbia nani; na mzee mmoja aliyekuwa akinywa kikombe chake kwa utulivu akaitoa hukumu ambayo imenifuata msimu mzima:

"Mwanangu, walipa nauli mpaka Bamburi ukachoke? Choka papa hapa, bure."

Mzaha huu una asili yake, wala haifai kuupuuza. Katika mila zetu staha ya mtu mzima hutambulikana kwa mwendo wake, na mji wenyewe ulijengwa kwa kipimo cha mwendo huo: nani awezaye kukimbia katika vichochoro vya Kibokoni, au katika Ndia Kuu asubuhi, asimgonge mzee na bakora yake au asijitie katika mkokoteni wa maji? Wahenga waliosema kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni walikuwa watu wa majumba ya mawe, na walizijua sakafu za juu zisizo na kizuizi, walipochezea watoto na wakati mwingine wakaanguka. Methali hiyo nimesomewa mara nyingi mwaka huu kwa nia ya kunirudi. Lakini mwenye insafu akiitazama vizuri ataona kuwa haizilaumu mbio. Inamlaumu anayekimbilia mahali penye ukingo. Basi sisi tumeutii wosia wa wahenga, tumeziondoa mbio zetu sakafuni tukazipeleka palipo na ardhi ya kutosha.

Na ikiwa yuko adhaniye kwamba pwani na mbio za nyika havijuani, namkumbusha Jumamosi ya tarehe 24 Machi 2007, siku ambayo dunia nzima ya mbio za nyika ilihudhuria kisiwani Mombasa, katika uwanja wa gofu ulio ukingoni mwa bahari, mashindano ya ubingwa wa dunia yakakimbiwa mbele ya umati ambao sijauona mfano wake mjini hapa. Kenenisa Bekele wa Uhabeshi, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa mbio fupi na wa mbio ndefu kwa miaka mitano mfululizo, alikuja akiwa mtu asiyeshindika. Akaondoka bila ya kumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea alichukua taji la wanaume, akifuatwa na Wakenya wawili, Moses Mosop na Bernard Kipyego, na upande wa wanawake akashinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiikimbilia Uholanzi, ambaye watu walimshangilia kwa nusu ya moyo na nusu nyingine wakaizuia. Mwezi wa Machi ndio upeo wa joto letu, kaskazi inakata pumzi na masika hayajaja kutuokoa, na jua lile halikumuuliza mtu ana nishani ngapi: walioacha njiani walikuwa wengi, vijana waliolelewa kwa ajili ya kazi ile, wenye madaktari na wapishi wao, wakitafuta kivuli kama abiria yeyote wa stendi saa nane ya mchana.

Kilichonishangaza siku hiyo, na ambacho sikukitafakari ila miaka mingi baadaye, ni jinsi sisi wenyeji tuliokuwa tumesimama pale, watu tulioishi na joto hilo tangu kuzaliwa, tulivyoondoka bila ya hata mmoja wetu kuwaza kwamba njia ile ya majani ingeweza kukanyagwa na miguu yake pia. Uwanja ulirudi kwa wenye mipira na fimbo zao, nasi tukarudi barazani na hekaya ya kusimulia.

Funzo la siku ile kwetu sisi ni la majira. Kwa hivyo msimu wetu tuliufuatisha pepo, kwa utaratibu wa manahodha wa zamani. Masika yalipokwisha na kusi ikashika, hewa ikapoa na udongo ukawa umelowa kiasi cha kupokea mguu bila ya kuushika, ndipo tulipoanza. Na kaskazi itakaporudi tutapumzika, tutembee tu jioni, tusijifanye kuwa na nguvu kuliko Bekele.

Mahali petu ni misitu ya Bamburi, na hapa naomba ruhusa ya kukawia kidogo, kwa kuwa historia ya ardhi hiyo yatosha kumtia ghera mtu aliyedhani umri wake umekwisha kazi. Kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954 kililichimba jiwe la matumbawe mpaka pakabaki mashimo mapana, meupe, yenye joto la kuchoma na maji ya chumvi chini yake, mahali pasipoota hata jani. Mwaka 1971 bwana mmoja wa Kiswisi, René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akifanya kazi kiwandani hapo, alianza kupanda miti ndani ya mashimo hayo. Mingi ilikufa, mvinje ukakataa kufa, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na vijidudu viwezavyo kuivuta naitrojeni ya hewani, ukajilisha mahali ambapo mti mwingine haukupata chakula. Lakini majani ya mvinje, yale membamba mfano wa sindano, yalirundikana bila ya kuoza, kwani yana ukali usiopendwa na wadudu, na bila ya kuoza hapangekuwa na udongo. Aliyeiondoa taabu hiyo ni jongoo. Wakaletwa jongoo wekundu wa miguu, wakayala majani yale, na mavi yao yakawa rutuba, na rutuba ikawa msitu, wenye kima, ndege na vipepeo, na wenye njia zilizokatwa kwa ajili ya waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mbio.

Mtu akikimbia humo hasikii hatua zake. Majani ya mvinje yameifunika njia kwa unene wa vidole viwili, na asubuhi, jua likipenya ubavuni, hupiga rangi ya samli. Mguu huzama kidogo ukainuka, na goti lililokuwa likilalamika juu ya lami ya Mombasa hunyamaza. Hadhari yahitajika kwa mizizi, inayojificha chini ya majani hayo, na kwa jongoo, ambaye huikata njia kwa utulivu wa mwenye haki ya mahali, hata kwetu imekuwa ada kwamba anayetangulia hutamka "Jongoo!" na wote nyuma yake huruka, karani wa bandarini naye akiruka kwa namna yake. Fundi cherehani husimama kila baada ya muda kukung'uta mchanga, kwani viatu vyake vya mtumba alivinunua Kongowea vikiwa vimeachana na soli, akazishona mwenyewe kwa uzi wa tanga, na mshono wake hushika kila kitu isipokuwa mchanga. Nimeviona viatu vya bei kubwa vikiachama kabla ya vile.

Kipimo cha mwendo wetu ni mazungumzo. Anayeshindwa kuongea ameongeza kasi kuliko pumzi yake, na wote hupunguza mpaka aweze kumaliza kisa chake, na kwa kuwa mwalimu mstaafu visa vyake ni virefu, hapana hatari ya mtu yeyote kuvunja rekodi. Tukifika mahali pa kupanda kutoka shimoni, tunatembea. Nalisema jambo hili bila ya haya, kwa sababu hata wale mahodari wanaoshindana kuuzunguka mlima wa Mont Blanc, masafa ya takriban kilomita 170 yanayopita Ufaransa, Italia na Uswisi, hutembea katika mipando mikali, mikono wameitia magotini. Na wala hakuna barazani kwao, nadhani, awaulizaye nani amefariki. Tuliwahi kufikiri kuhamia Milima ya Shimba, palipo na hewa baridi na mabonde mazuri, lakini kule wako ndovu na palahala, ambao ni haki yao kutotaka kukimbiwa mbele ya macho yao, na mtu hutembea kwa adabu akifuatana na askari wa wanyama; tukarudi kwa jongoo wetu.

Juu ya mwili wa mtu wa makamo yanasemwa mengi, na aghalabu yanasemwa na vijana. Ni kweli kwamba nguvu hupungua: kwa mtu asiyejizoeza, uwezo wa mwili kuitumia hewa avutayo hushuka takriban sehemu moja katika kumi kwa kila miaka kumi baada ya thelathini. Walakini kwa mwenye mazoezi hushuka polepole zaidi, na kushuka polepole ndiyo jaha pekee ambayo mtu wa umri wetu aweza kuidai. Shirika la Afya Duniani humshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za harakati za wastani kwa juma, au 75 za harakati kali, muda ambao katika mtaa wetu hupotea wote katika kikao kimoja cha siasa. Kisukari na presha zimo katika kila nyumba ninayoijua baina ya Mwembe Tayari na Mji wa Kale, na dawa zake tunazitaja barazani kwa majina, kama watu watajao jamaa zao.

Alikuwako mtu aitwaye Ed Whitlock, Mwingereza aliyehamia Kanada, ambaye mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 73, aliimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48, na mwaka 2016, akiwa na miaka 85, akaimaliza nyingine chini ya saa nne. Mazoezi yake aliyafanya kwa kuyazunguka makaburi yaliyo karibu na nyumbani kwake, mzunguko baada ya mzunguko, kwa masaa. (Hapa kwetu, mtu wa umri huo akionekana akikimbia makaburini kwa saa tatu, jamaa zake wangemsomea kisomo kabla ya adhuhuri.) Simtaji ili tumuige, maana hao ni watu wa nadra; namtaja kwa kuwa alipuuza swali la nani anamtazama, na swali hilo ndilo lililotufunga sisi miguu.

Nani anatutazama, na anaona nini? Jawabu bora nimelisikia kutoka kwa mmoja wa wale mama wawili, ambaye hukimbia kwa dera na mtandio uliofungwa barabara, na ambaye vijana wa kona moja walizoea kumpigia miluzi ya dhihaka. Asubuhi moja alisimama mbele yao, mikono kiunoni:

"Wanangu, mimi saa kumi ya usiku niko juu ya karai nachoma mahamri. Sinia lake nalibeba kichwani kila siku nikikata mtaa huu, na mwendo wangu ndio huu huu, kwa kuwa yakipoa hamnunui. Hamkunicheka. Leo napita sina mzigo ndipo mwaona ajabu?"

Hawakuwa na la kusema, na mimi pia sikuwa nalo, kwani alikuwa amelitamka kwa maneno machache jambo nililolizunguka kwa msimu mzima. Mtaa wetu haukuwahi kushangazwa na mtu mzima mwenye kutoka jasho. Hamali wa Marikiti akienda mbio na gunia la viazi begani husifiwa, na wapagazi wa zamani tumewahifadhi katika masimulizi kwa taadhima. Mwili wa mtu mzima umeruhusiwa kuchoka kwa ajili ya mwajiri, kwa ajili ya watoto, kwa ajili ya wateja. Ukichoka kwa hiari yake, kwa ajili yake wenyewe, pasi na mzigo, huonekana umeingiwa na wazimu au umesahau umri. Na wenye kuzuiliwa zaidi na fikira hiyo ni wanawake, ambao huambiwa kuwa ni sitara inayowakataza, ilhali mama huyu ameihifadhi sitara yake kilomita kwa kilomita na haijaanguka.

Waandalizi wa mashindano nao wana sehemu yao katika lawama. Katika shindano moja la msimu huu, ambalo sitalitaja, tulifika mwisho tukakuta meza za maji zimekwisha ondolewa na vijana wanakunja utepe, na mmoja wao akatuuliza kwa upole kama tumepotea njia. Ada tulilipa sawa na washindi. Sidai nishani, nadai bilauri ya maji, na utepe uachwe mpaka wa mwisho apite, kwa maana shindano la wazi lililofungwa kabla ya watu kumaliza lilikuwa la mabingwa tangu asubuhi, na ilikuwa wajibu wao watuambie kabla ya kuzipokea fedha zetu.

Lakini lililo zito kuliko yote ni ardhi. Ukingo wa bahari wa Mama Ngina ulitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, na ni mahali pa fahari. Jioni familia hujaa na mihogo yao na madafu yao, nami nafurahi. Hata hivyo mkimbiaji wa umri wangu huitazama sakafu ile ya mawe kwa huzuni ya magoti, akiwaza ingewagharimu nini kumwachia kamba moja ya udongo mtupu iendayo sambamba na bahari, chini ya mibuyu iliyokuwako kabla ya serikali zote. Kaskazini, kutoka Nyali hata Mtwapa, ufuo wote maji yakitoka ni njia nzuri ya mbio kuliko yoyote niijuayo, na Katiba ya mwaka 2010 imetamka wazi kuwa ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kutoka ni mali ya umma. Ila kuifikia mali hiyo mtu hupita mbele ya kuta ndefu, akitafuta uchochoro ambao mwaka jana ulikuwapo na mwaka huu una lango na mlinzi. Njia hizo, ambazo wavuvi walizipita kabla yetu, zikifungwa zote, haki ya Katiba itabaki kwa mwenye mashua.

Basi naiomba Serikali ya Kaunti ya Mombasa ifanye mambo yasiyohitaji fedha nyingi: izipime na kuzitia vibao njia za kwendea ufuoni zilizosalia, na kila mradi mpya wa bustani au wa ukingo wa bahari uache sehemu ya udongo isiyotiwa saruji, upana wa watu wawili wapitanao. Nawaomba wenye misitu ya Bamburi waendelee kuzifungua njia zao kwa ada ambayo fundi cherehani aweza kuimudu. Vijana wa kona wamekwisha pata nasaha yao.

Na wewe msomaji uliyepita arubaini, unayepanda ngazi za nyumba yako ukisimama katikati kujifanya unatafuta ufunguo, nakukaribisha. Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, tunakutana Mwembe Tayari kwa muuza kahawa, ambaye siku hizi hatuulizi tena habari za msiba. Viatu vyovyote vyafaa, hata vya mtumba. Kila mtu hujilipia nauli, na wa mwisho hungojewa.